Nyuma ya Ua wa Bustani

Jina la baba yake Asukile sitalitaja. Sijalitaja tangu mwaka wa hamsini na sita, na sioni kwa nini nianze leo, nikiwa bibi wa kuombwa nisimulie. Ukitaka kulijua, muulize mtu mwingine. Mimi nitakueleza kwa nini silitaji, na kwa hilo itabidi nikupeleke kwanza kwenye bustani ya mji wa Iringa, maana yote yalitokea pale.

Ilikuwa bustani ndogo tu, ng'ambo ya barabara kutoka kwetu. Katikati palikuwa na mjakaranda mkubwa, pembeni misonobari, halafu ua wa hibiskasi ulioachwa ukarefuka kupita kichwa cha mtu. Mabenchi yalikuwa ya mbao, yamepakwa rangi ya kijani iliyokuwa ikibanduka na kuganda kwenye sketi. Asubuhi za Juni ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaufunika mji wote kule kilimani, hata unasikia kengele ya baiskeli na mwenye baiskeli humwoni. Iringa ile ilinukia moshi wa kuni na majani ya mkalitusi. Siku hizi nikipita pale nasikia malori tu. Nikifumba macho naipata ile ya zamani, na kusema kweli moyo unaniuma.

Marehemu baba yangu alifanya kazi porini upande wa Idodi, akiwaonyesha njia wawindaji. Kila aliporudi nyumbani alinifundisha ndege: huyu chozi, yule kurumbiza, huyo anayepiga kelele ni hondohondo. Alipofariki, mama alihamia mjini akawa anasuka vikapu vya majani ya milulu na kuviuza sokoni. Pori sikuliona tena. Basi nikajifanyia pori langu bustanini. Jioni, nikimaliza kazi za mama, nilivuka barabara nikakaa kimya kutazama ndege, na majirani wakasema Tekla, binti wa Juliana, ana wazimu kidogo.

Siku moja nikamkuta mwendawazimu mwenzangu.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, kavaa shati jeupe la ukarani, darubini machoni. Niseme jichoni, maana darubini yenyewe aliipata kwenye mnada wa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na kioo cha upande mmoja kilikuwa kimepasuka.

“Kaka, umeanguka?” nikamuuliza.

“Taratibu,” alinong'ona bila kugeuka. “Anajenga.”

“Nani anajenga?”

“Mnana. Lala chini kama unataka kumwona.”

Nilale chini! Binti wa watu, kando ya mwanamume nisiyemjua, mchana kweupe! Nikabaki nimesimama wima, na mnana akaruka akaenda zake. Yule kijana akageuka. Alikuwa amekasirika, halafu akaniona vizuri, na mimi nikaiona ile hasira inavyomtoka usoni kidogo kidogo. Mpaka leo naikumbuka.

“Umemfukuza,” alisema.

“Umemfukuza mwenyewe. Ndege hakodolewi macho. Unakaa mahali pamoja, unatazama pembeni kama huna shida naye. Akikuzoea, atafanya mambo yake mbele yako.”

“Nani kakufundisha hayo?”

“Baba.”

“Basi na mimi nifundishe, dada.”

Huyo ndiye Asukile, karani wa posta, Mnyakyusa wa Rungwe, kule unakofika ukipita Mbeya. Alizungumza polepole, na akicheka alifunika mdomo kwa mkono. Nilimfundisha. Mahali petu palikuwa nyuma ya ule ua wa hibiskasi, tumechuchumaa, pale penye upenyo wa kuutazama mjakaranda. Jicho la darubini lilikuwa moja, kwa hiyo tulipokezana. Akitazama yeye ndege, mimi nilimtazama yeye. Baadaye alikiri kwamba na yeye alikuwa akifanya hivyohivyo, kwa hiyo sijui ndege tuliwaona saa ngapi.

Tulimpenda mnana kuliko wote. Dume anafuma nyumba yake kwa majani mabichi, akimaliza anajining'iniza kichwa chini na kupigapiga mabawa kumwita jike. Jike anakuja, anaingia, anavuta jani hili na lile kwa mdomo. Asiporidhika anaondoka zake, na dume anaifumua yote na kuanza upya.

“Jike mkaidi huyu,” Asukile alisema. “Nyumba ya pili hii anaikataa.”

“Si ukaidi. Atakayelala humo ni yeye.”

Alinitazama akasahau kufunika mdomo. “Na wewe ukijengewa, utavutavuta hivyo?”

“Nitang'oa paa zima,” nikamjibu, na uso wangu ukawaka moto.

Siku zilienda tamu hivyo mpaka ulipokuja uhamisho. Asukile alirudishwa Mbeya. Aliniambia pale pale nyuma ya ua, akasema anataka twende wote, nikiwa mke wake. Nilitaka kuruka kwa furaha. Lakini alikuwa bado na neno.

“Kuna jambo la kwetu lazima ulijue, Tekla. Kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe. Hakutani naye njiani, hakai naye nyumba moja, jina lake halitamki. Akisikia anakuja, anajificha. Hata akiitwa naye, haitiki. Ndiyo heshima yenyewe, na inaanza siku posa inapopokelewa.”

“Anajificha wapi?”

“Popote alipo. Migombani. Kichakani.”

Nikacheka. Wallahi sikucheka kwa ubaya. Nilimwona akilini mama mtu mzima, mtungi kichwani, anapiga mbizi migombani. Asukile hakucheka.

“Ungeweza?” aliniuliza.

“Mimi? Nichuchumae kichakani kama kware? Asukile, kwetu mkubwa unampigia goti mbele yake, unamsalimia, anakuitikia. Mtoto wa Kihehe hamkimbii mtu.”

“Sikusema ukimbie.”

“Umesema nijifiche. Vina tofauti gani?”

Aliizungusha ile darubini mikononi. “Mama yangu amefanya hivyo tangu alipoolewa,” alisema mwishowe. “Ulivyocheka, umemcheka yeye.”

Akainuka, akaondoka. Nililia mpaka ndege wakahama mti.

Nyumbani mama hakunipunguzia. Alikuwa mlangoni na kikapu chake mapajani, vidole vinakwenda.

“Si nilikwambia?” alisema. “Mnyakyusa, tena Mmoravian, si Mkatoliki. Atakupeleka kwenye mvua isiyokatika, uote ukungu kama mkate. Kanisa la Padri utalikanyaga lini tena? Na huyo mkwe utamkimbia mpaka lini?”

“Mama, nampenda.”

“Najua unampenda. Ningekuwa sijui ningesema haya ya nini?” Akalikaza jani la mlulu kwa meno. “Una mimi, mimi nina wewe. Basi.”

Nilikaa chini kando yake nikamshikia milulu. Nilijua kwamba yeye naye analia kwa namna yake.

Zikapita siku, Asukile haonekani bustanini. Nilikwenda hivyo hivyo. Nilichuchumaa peke yangu nyuma ya ua, nikamtazama mnana akifumua nyumba iliyokataliwa, na sikumwonea raha.

Jumamosi mchana akabisha hodi nyumbani. Alisimama nje kwa adabu, kofia mkononi, akamsalimu mama kwa Kihehe chetu, “Kamwene, mama,” kwa lafudhi yake ya Rungwe. Mama akamwitikia bila kuinua macho. Nikatoka nikasimama naye penye kibaraza.

“Tata amefika kwa basi la jana,” alisema, akimaanisha baba yake. “Kesho alfajiri naondoka naye. Nimemweleza habari zako.”

“Akasemaje?”

“Hataki. Anasema msichana wa Kihehe atamtazama usoni kila njia panda, kijiji kizima kimcheke. Kule nyumbani wameshazungumza na watu kuhusu binti mwingine. Nimemsihi akuone tu. Jioni hii atakuja bustanini. Njoo umsalimie, Tekla. Bado hujaposwa, hakuna mwiko wowote. Msalimie kama mnavyosalimia kwenu, vizuri. Huenda moyo wake ukalainika.”

“Na usipolainika?”

Alinitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. “Ni baba yangu, Tekla. Siwezi kuoa huku amenipa mgongo.”

Nikajua basi. Jioni ile ingeamua yote: ama niende Mbeya na Asukile, ama basi la alfajiri limchukue aende kwa binti wa watu, mimi nibaki na mjakaranda wangu.

Nilioga, nikavaa gauni la maua la Pasaka, nikajifunga khanga mabegani kwa ajili ya baridi. Mama alinitazama toka miguuni hadi kichwani.

“Usimlambe miguu,” alisema. Halafu akanirekebisha kola.

Nilifika bustanini mapema, nikakaa kwenye benchi chini ya mjakaranda. Mnana alikuwa amemaliza nyumba nyingine, mbichi kabisa, inaning'inia penye ncha ya tawi. Nilijaribu kukariri salamu.

Wakaingia langoni. Nilimwona Asukile, na kando yake koti jeusi refu na fimbo. Uso sikuuona, kofia iliufunika, na kabla hajauinua mimi nilikuwa nimekwisha fikiri jambo moja. Nikimsalimia, ataitika. Atasema, marahaba binti, wazazi hawajambo? Ataona msichana wa Iringa mwenye adabu zake, kama wasichana wote wa mji huu wenye adabu zao, kisha atamchukua mwanawe na kuondoka. Salamu ile nzuri ndiyo ingemwambia kwamba mimi si mtu wake.

Na mimi nilitaka kuwa mtu wake. Nilimtaka Asukile kuliko nilivyoutaka ukaidi wangu.

Miguu ikaamua. Nikateleza kutoka kwenye benchi, nikainama, nikaingia nyuma ya ua wa hibiskasi mahali petu pa siku zote, nikachuchumaa. Nikajitanda khanga kichwani, nikatazama ardhi.

Nilisikia fimbo ikija, tok, tok, kwenye changarawe. Benchi likalia.

“Yuko wapi sasa huyo binti?” Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

“Alisema atakuja, Tata.”

“Hata kuja hakuja. Nilikwambia mimi. Watu hawa wana kiburi.”

Halafu nikasikia pumzi ya Asukile ikikatika, nikajua ameona pindo la khanga yangu.

“Tata,” alisema polepole. “Yupo.”

“Wapi?”

“Nyuma ya ua huo.”

“Huo hapo? Hakuna mtu. Tazama ndege walivyotulia. Angekuwepo mtu wangekwisha kuruka.”

“Wanamjua. Hukaa hapo kila jioni.”

Kweli hawakuwa wameruka. Chozi mmoja alikuwa akinyonya ua jekundu karibu kabisa na pua yangu, na mimi sikuthubutu hata kupiga chafya. Benchi likalia tena. Mzee amesimama.

“We binti!” aliita. “Toka huko unisalimie.”

Mungu wangu! Tangu nizaliwe sijawahi kuitwa na mtu mzima nikanyamaza. Kwetu ni matusi. Ulimi uliniwasha, magoti yalitaka kuinuka yenyewe. Nikaushika udongo kwa mikono miwili nikanyamaza.

“Hanisikii?”

“Anakusikia, Tata. Hawezi kukuitika.”

“Hawezi ana nini? Mgonjwa?”

“Anakuogopa,” Asukile alisema. “Kama mama alivyomwogopa babu.”

“Wewe ndiye uliyemwambia afanye hivi,” mzee alisema.

“Hapana. Nilipomweleza mara ya kwanza tuligombana. Leo nilimwambia aje akusalimie, hakuna mwiko. Hili amelifanya mwenyewe.”

“Mhehe?”

“Mhehe, Tata.”

Fimbo ikagonga changarawe. Ikaja upande wangu. Ikagonga tena, karibu zaidi, hata nikaona chini ya majani ncha yake na viatu vya ngozi vyenye matope ya safari. Kona ya ua ilikuwa pale pale. Akiipinda ataniona, na akiniona amenikataa, maana mkwe hamtafuti mkamwana wake mafichoni. Hilo Asukile alikuwa amenieleza, na yeye mzee alilijua kuliko sisi sote. Nikafumba macho nikamwomba Bikira Maria, nikisahau kabisa kwamba hawa ni Wamoravian.

Viatu vikasimama. Vilisimama muda mrefu. Kisha vikageuka.

Benchi likalia mara ya tatu.

“Hicho shingoni mwako ni nini?” mzee aliuliza, kama mtu aliyekuja bustanini kupunga hewa.

“Darubini, Tata. Ya kutazamia ndege.”

“Lete.” Nikasikia mkanda wa darubini ukivuliwa. “Naona giza tupu.”

“Tumia jicho la kulia.”

“Mh. Haya. Yule wa manjano ana wazimu gani? Ananing'inia kichwa chini.”

“Anamwita jike aje aikague nyumba.”

“Na jike?”

“Ndiye huyo anayekuja. Zote za nyuma alizikataa.”

Nilitamani kuinua kichwa nitazame mjakaranda. Sikuinua. Nilisikiliza tu pumzi za watu wawili wanaotazama kitu kimoja.

“Ameingia,” mzee alisema. “Anavuta majani. Anavuta... Hatoki.” Akangoja. “Bado hatoki, Asukile.”

“Basi ameikubali, Tata.”

Mzee akashusha pumzi. “Mama yako,” alisema, “siku ya kwanza kumkwepa babu yako, alitumbukia kwenye mfereji. Mzima mzima na kuni zake. Babu yako alipita akitazama mbele kama hakuona kitu, alipofika nyumbani akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, huyu usimwache.”

Nilimsikia Asukile akipenga kamasi.

“Inuka, twende,” mzee alisema.

“Twende wapi, Tata?”

“Popote. Jua linazama, nyasi zinaanza kulowana, na mkamwana wangu amechuchumaa huko nyuma. Hawezi kuinuka nikiwa hapa. Unataka apate mafua?”

Mkamwana wangu. Nilijiziba mdomo kwa khanga. Fimbo ikaondoka kwenye changarawe, tok, tok, bila haraka, na ilipofika langoni ikasimama kidogo. “Ndaga,” mzee alisema, akishukuru kwa lugha ya kwao. Hakumtaja wa kushukuriwa.

Asukile alirudi mbio peke yake. Akapita kona ya ua, akanikuta palepale.

“Tekla.”

“Usiniangalie hivyo. Miguu imekufa ganzi. Ninyanyue.”

Akanishika mikono yote miwili akaninyanyua, na hatukuachiana mikono hata niliposimama sawasawa. Tulitazamana tu. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafunika.

“Na ole wako unicheke,” nilimwambia.

“Nani anacheka?” alisema, akalia zaidi.

Nyumbani mama aliona magoti yangu yenye udongo na pindo la gauni la Pasaka lilivyolowa. Akaweka kikapu chini.

“Umechuchumaa,” alisema.

“Nimechuchumaa, mama.”

Nilingoja anigombeze. “Marehemu baba yako,” alisema, “angalikaa humo kichakani mpaka kesho, kwa ajili ya ndege tu.” Akanivuta akanikumbatia, tukalia wote kwa sauti. Ya Padri na mchungaji yalitusumbua miezi mingi baadaye, lakini jioni ile ndiyo niliyoolewa mimi.

Tuliishi Rungwe kwenye mvua isiyokatika, na sikuota ukungu. Nyumba ya mkwe haikuwa mbali na yetu. Kila alipokuja upande wetu alianza kukohoa tangu kule barabarani ili nipate nafasi ya kuingia migombani taratibu, bila kutumbukia mahali. Kikohozi hakuwa nacho. Alikohoa hivyo mpaka uzee ukamlaza, na uso wake sikuuona hata siku moja.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume, akapewa jina la babu yake kama desturi ilivyo. Baba yake alimwita kwa jina hilo, walimu walimwita, mke wake anamwita. Mimi niliyemzaa sijawahi kulitamka. Namwita Mnana, na hata sasa akiwa na mvi zake, nikiita Mnana, anaitika.